Mota imeandikwa volti 2.5, nimeambiwa niilishe 36. Nani yuko sahihi?

#1 MchongaMilango
Wakuu, habari za jioni.
Nipo Keko, Dar. Nimeunda mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga milango na vichwa vya vitanda, eneo la kazi sentimita 90 kwa 130. Mota ni stepa nne (zinazozunguka stepu kwa stepu) za saizi ya NEMA 23, zile zenye uso wa milimita 57: X (kushoto-kulia) moja, Y (mbele-nyuma) mbili, Z (juu-chini) moja. Vipimo vyake: ampea 2.8 kwa kila fezi, ukinzani ohm 0.9, indaktansi (ukaidi wa koili dhidi ya ampea kubadilika) 2.5 mH, nguvu ya kushikilia 1.26 Nm, volti 2.5. Draiva, yaani vifaa vya kuendesha mota, ni TB6600 nne, pawa saplai moja ya volti 24 ampea 15. Skurubu za kusogeza mashine ni za mipira (nati yake ina gololi ndani), 1605, kipenyo milimita 16, mzunguko mmoja unasogeza milimita 5.

Kuchonga mninga polepole hakuna shida kabisa. Tatizo ni pale mashine inaporudi mtupu kwa kasi. Ikikaribia milimita 4000 kwa dakika, Y inatoa mlio mkali kama filimbi, inasimama, na kazi yote imeharibika kwa sababu programu haijui kwamba mota imeruka stepu. Nimepandisha ampea kwenye swichi za draiva hadi 3.5. Mota zimekuwa za moto kiasi kwamba huwezi kuacha mkono, na bado zinakwama palepale.

Fundi mmoja ananiambia ninunue saplai ya volti 36. Mwingine anasema nikifanya hivyo nitaunguza mota zote nne, maana zimeandikwa 2.5. Wajuzi nisaidieni, natanguliza shukrani.

#2 Ampea_Kwanza
Mkuu, hiyo 2.5 isikutishe. Chukua 2.8 zidisha kwa 0.9, unapata 2.52. Ni volti zinazohitajika kusukuma ampea 2.8 kwenye koili ikiwa mota imesimama na umeiunga moja kwa moja. Wewe huiungi moja kwa moja. TB6600 inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kushikilia ampea ulizozichagua kwenye swichi, hata saplai iwe 24 au 36.

Ampea ndizo zinazotoa nguvu ya kuzungusha. Volti ndizo zinazoamua nguvu hiyo utaendelea kuwa nayo hadi spidi gani. Koili ni kama mkokoteni uliojaa mchanga: hauondoki ghafla, na ukitaka uondoke haraka lazima usukume kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ulipopandisha ampea umeongeza joto tu. Tatizo lako liko kwenye spidi, na dawa ya spidi ni volti.

#3 Mzee_wa_Kusuka
Vijana, mimi nasuka mota tangu enzi za redio za mbao. Mota ya 220 ukiipa 380 inaungua, hilo halina mjadala. Leo mnamwambia kijana aipe mota mara kumi na nne ya kilichoandikwa! Waya wa koili una vanishi tu. Atakuja kulia hapa.

#4 Dada_Mekatroniki
Shikamoo mzee #3. Angalizo lako lina maana kwa mota inayoungwa moja kwa moja. Huyu akiunga volti 24 bila draiva, 24 gawanya kwa 0.9 ni karibu ampea 27, na koili inaungua hapohapo. Ila hapa kati ya saplai na koili kuna draiva yenye kikomo cha ampea. Na vanishi ya waya haiogopi volti 36, wewe mwenyewe unaitumia kwenye mota za 220. Kinachoiua ni joto.

Mleta mada, nimekupigia hesabu kwa vipimo vyako. Muda ambao ampea zinachukua kupanda kutoka sifuri hadi 2.8 kwenye koili yako:

Kwa volti 24: takriban milisekunde 0.31
Kwa volti 36: takriban 0.20
Kwa volti 48: takriban 0.15

Sasa spidi yako. Milimita 4000 kwa dakika, skurubu ya milimita 5, ni mizunguko 800 kwa dakika. Mota ina stepu kamili 200 kwa mzunguko, hivyo ni stepu 2667 kwa sekunde, kila stepu ina milisekunde 0.375 tu. Kwa volti 24 zaidi ya robo tatu ya muda huo inaishia kwenye kupandisha ampea. Ampea zikifika juu, muda wa kushuka umeshawadia.

#5 JuaKali_254
Salamu kutoka Nairobi. Dada #4 amesema kweli. Kuna kanuni ya Mariss Freimanis, yule wa Geckodrive, kampuni ya draiva, ambayo watu wa CNC wameitumia sana: chukua kipeuo cha pili cha indaktansi kwa milihenri (mH), zidisha kwa 32. Ya kwako ni 2.5, kipeuo chake 1.58, ukizidisha unapata volti 50 na kidogo. Hicho ni kiwango cha juu ambacho mota inafaidika nacho. Ukipita hapo unapata moto bila faida ya maana.

Lakini boss, usikimbilie 50! TB6600 nyingi zimeandikwa mwisho volti 40 au 42. Ndiyo maana watu husema 36. Mota inaweza kula zaidi, draiva ndiyo haiwezi.

#6 Mzee_wa_Kusuka
Marahaba binti #4. Hesabu nimeielewa. Sasa nijibuni hili: kama ampea ni zilezile, kwa nini mota ya stepa ikipewa volti nyingi inachemka zaidi hata ikiwa imesimama? Hilo nimelishika kwa mkono, sikuambiwa.

#7 Dada_Mekatroniki
Ni kweli mzee, inachemka zaidi. Volti zikiwa juu, ampea zinapanda na kushuka kwa kishindo kikubwa kila draiva inapokata, na chuma cha ndani kinapata joto kutokana na huko kubadilikabadilika. Joto la waya linabaki lilelile, la chuma ndilo linaongezeka. Kwa hiyo volti 36 kwenye mota hii nakubali, 80 nisingekubali hata kama draiva inaruhusu.

#8 Beringi_Kwanza
Naona wote mmekimbilia umeme. Mkuu #1, skurubu ya Y ina urefu gani? Kama eneo ni sentimita 130, basi skurubu haipungui mita 1.4. Skurubu ya milimita 16 ina kiini cha milimita 13 na kitu. Ukiifunga imara upande mmoja na kuibeba kwa beringi upande wa pili, kwa urefu huo inaanza kuchapa kama kamba kwenye mizunguko 1300 hivi kwa dakika, na inashauriwa usipite asilimia 80 ya hapo. Hiyo ni mizunguko kama 1040. Wewe unakwama 800, si mbali na hapo! Volti 36 haziwezi kunyoosha skurubu inayochapa.

Halafu una mota mbili za Y. Skurubu mbili zisipokuwa sambamba, daraja (ile boriti inayotembea juu ya meza) linajikaba lenyewe. Zima umeme, fungua kapulingi zote mbili (viungo vya mota na skurubu), sukuma daraja kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama kuna sehemu linakuwa zito, umeshapata jibu.

#9 Ampea_Kwanza
#8 umeleta hoja nzuri, ila skurubu inayochapa hutikisa mashine nzima, unaona kwa macho. Yeye amesema mlio wa filimbi kisha inasimama. Huo ni mlio wa mota iliyoachwa nyuma na draiva.

#10 MchongaMilango
Ahsanteni sana wakuu.
Skurubu ya Y ni mita 1.4 kama alivyokadiria #8, imefungwa imara upande wa mota na kubebwa upande wa pili. Ya X ni mita 1. Nimejaribu X peke yake, inafika 4500 ndipo inakwama. Y inakwama 3800 hadi 4000. Mtikisiko upo kidogo, ila kwa kweli mashine yote inatikisika, meza ni ya mbao.
Daraja kwa mkono linateleza, isipokuwa sentimita kama kumi za mwisho linakuwa zito kidogo.

#11 Beringi_Kwanza
"Zito kidogo" hapo mwishoni ndipo penye tatizo. Legeza boliti za mlalo (zinazoshika skurubu), sogeza daraja hadi mwisho, kaza likiwa hukohuko. Halafu rudi utuambie.

#12 JuaKali_254
Lakini X ina skurubu fupi ambayo ingechapa kwenye mizunguko kama elfu mbili na nusu, na bado imekwama 900. Kwa hiyo X haikwamishwi na skurubu. Na Y imebeba daraja zima, lazima ikwame mapema kuliko X. Mimi bado nasema volti.

#13 Msimbo_Safi
Hakuna aliyemuuliza kasi ya kuanza kuondoka? Kwenye GRBL, programu inayoongoza mashine, angalia $120 (ya X) na $121 (ya Y). Hapo ndipo unaiambia mashine iongeze spidi kwa haraka kiasi gani. Ukiweka kubwa, mota inatakiwa kuvuta daraja zito ghafla na inashindwa kabla hata spidi haijafika. Watu wengi wananakili namba za printa ndogo na kuziweka kwenye mashine ya kilo hamsini.

#14 Waya_Mnene
Mkuu #1, saplai yako haitoshi! Mota nne, kila moja fezi mbili, ampea 2.8: mara mbili, mara nne, ni ampea 22.4. Una 15. Volti zinashuka mashine ikikimbia, ndiyo maana inakwama.

#15 Dada_Mekatroniki
#14 hapana ndugu yangu. Ampea za mota na ampea za saplai si kitu kimoja. Draiva inachukua volti 24 kwa ampea chache na kuzigeuza kuwa volti ndogo kwa ampea nyingi. Kinachohesabiwa ni wati. Mota yake ikiwa imesimama na fezi zote mbili zimejaa, ni 2.8 mara 2.8 mara 0.9 mara mbili, yaani wati 14, ambazo kwenye saplai ya volti 24 ni ampea 0.6. Ikikimbia na kuvuta mzigo, ongeza wati 30 hivi. Zote nne kwa pamoja hazifiki wati 200, na yeye ana 360.

Kipimo ni rahisi: weka klampu ya DC (kipima ampea cha kubana waya) kwenye waya unaotoka saplai. Kanuni ya kienyeji ya theluthi mbili ya ampea za fezi kwa kila mota inatosha na chenji inabaki.

#16 Waya_Mnene
Kwenye karatasi ni sawa dada. Ila nimeona saplai nyingi zilizoandikwa 15 ambazo kwa 8 tu zinaanza kuyumba. Aweke maltimita kwenye terminali za draiva ya mwisho kabisa, siyo kwenye saplai, aendeshe Y kwa 4000 aone kama zinabaki 24. Waya mwembamba wa mita tatu nao unakula volti.

#17 Ampea_Kwanza
Hilo la kupima kwenye draiva naliunga mkono.

Mleta mada, rudisha swichi kutoka 3.5. Jedwali la TB6600 lina namba mbili kwa kila mpangilio. Pale ulipo pameandikwa 3.5, na pembeni kilele 4.0. Weka 2.8, kilele 2.9.

#18 Kilele_na_Wastani
Hapo sikubali #17. Ampea 2.8 za mtengenezaji zimepimwa fezi zote mbili zikiwa zimejaa kwa pamoja, stepu kamili. Ukitumia mikrostepu (stepu zilizogawanywa vipande vidogo), fezi moja ikiwa kileleni nyingine iko sifuri. Joto la waya linakuwa nusu ya lile aliloruhusu mtengenezaji. Kwa hiyo ukitaka nguvu yote ya mota, kilele kinapaswa kuwa 2.8 mara 1.41, karibu 4.0. Hiyo 3.5 yake ilikuwa halali kabisa.

Hata DM542, draiva nyingine, jedwali lake liko hivyohivyo: kilele 4.20 ni wastani (RMS) wa 3.00, kilele 2.84 ni wastani wa 2.03.

#19 Ampea_Kwanza
#18 kwenye karatasi uko sawa. Lakini mota ikisimama, husimama popote. Ikisimama fezi moja ikiwa kileleni, koili moja inabeba ampea 4 mfululizo, yaani mara mbili ya joto lililokusudiwa kwenye koili hiyo. Halafu Dar joto la hewa ni 32, banda la bati, vumbi la mbao limefunika mota. Mimi nabaki na 2.8 ya kilele.

#20 Kilele_na_Wastani
Ndiyo maana kuna swichi ya kupunguza ampea hadi nusu mota ikiwa imesimama, DM542 ni SW4. Mota hizi zinaruhusiwa kupanda nyuzi 80 juu ya joto la hewa, na vanishi ya daraja B inavumilia hadi 130. Nyuzi 70 huwezi kushika kwa mkono, lakini mota haina habari. "Moto wa kutoshikika" siyo kipimo.

#21 Mzee_wa_Kusuka
Inavumilia, ndiyo. Ila kila inapochemka umri wake unapungua. Mota inayofanya kazi kwa joto la kushikika atairithisha wajukuu.

#22 Printa_Ndogo
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nina printa ya 3D yenye NEMA 17, stepa ndogo kuliko hizo, na draiva za A4988. Maelekezo ya mtandaoni yanasema nizungushe kile kiskurubu kidogo hadi Vref (volti inayoweka kikomo cha ampea) ifike 0.8. Nimefanya hivyo, na kishikio cha mota, ambacho ni cha plastiki ya PLA, kimepinda chote.

#23 JuaKali_254
#22, "0.8" peke yake haina maana. Ampea ni Vref gawanya kwa nane, kisha gawanya kwa ukinzani wa vile vidude viwili vyeusi vilivyo pembeni ya chipu. Washa tochi ya simu, visome. Kama vimeandikwa R100, hiyo 0.8 ni ampea 1. Kama ni R068, ni karibu 1.5. Kama ni R050, ni ampea 2 kamili! Draiva zinafanana rangi na umbo, vidude tofauti.

PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60. Mota inaweza kuwa na afya njema kabisa huku kishikio kinayeyuka. Shusha ampea au chapa kishikio cha PETG, plastiki inayovumilia joto zaidi. Na ukizungusha kiskurubu, bisibisi isiteleze ikagusa pini za jirani. Kuchomoa waya wa mota umeme ukiwa umewashwa ndiyo usithubutu, draiva inakufa palepale.

#24 Mkusanya_Vyuma
Na mimi swali. Nina stepa nilizozitoa kwenye fotokopi za zamani. Nimeziunga na A4988 kwa volti 12, nazungusha kiskurubu kulia kushoto, hakuna kinachobadilika, mota dhaifu. Draiva mbovu?

#25 Dada_Mekatroniki
#24 pima koili kwa maltimita. Nyingi za mota hizo zina ohm 30 na kuendelea. Volti 12 gawanya kwa 30 ni ampea 0.4, hapo ndipo mwisho wake. Ukiweka kikomo cha ampea 1, draiva haitakata kamwe kwa sababu ampea hazifiki. Ipe 24 utaona tofauti. Kama ina waya sita, jaribu kuunga waya wa kati na wa pembeni badala ya pembeni kwa pembeni: indaktansi inashuka hadi robo, unapata spidi, ila unapoteza nguvu kwenye mwendo wa polepole.

#26 Msimbo_Safi
Turudi Keko jamani, mwenye uzi anasubiri.

#27 Toroidi_Unguja
Assalaam aleikum. Nimesoma toka mwanzo. Naona kila mtu anataja saplai za kukata (zinazokatakata umeme ndani yake, bila transfoma kubwa). Mimi natumia transfoma ya duara, daraja la diodi na kapasita kubwa. Mota ikifunga breki ghafla na daraja zito, inageuka jenereta na kurudisha umeme nyuma. Saplai za kukata nyingine huona volti zimepanda zikajizima. Transfoma na kapasita zinameza.

Ila tahadhari kwa atakayeiga: volti za transfoma huzidishwa kwa 1.41 baada ya kapasita. Transfoma ya 36 inakupa karibu 50 ikiwa na mzigo na zaidi ikiwa haina, na umeme wa usiku ukipanda ndiyo kabisa. Kwa TB6600 ni kifo, na hata DM542 ambayo mwisho wake ni 50 haitapona. Kwa 36 za DC tafuta transfoma ya 24 hadi 26.

#28 Kilele_na_Wastani
Kwa kuwa #27 ametaja jenereta, kuna hesabu moja hamjaigusa. Mota ikizunguka inazalisha volti zake yenyewe zinazopingana na saplai. Ukikadiria kutoka 1.26 Nm na ampea 2.8 za fezi mbili, unapata kama volti 0.32 kwa kila radiani kwa sekunde. Mizunguko 800 kwa dakika ni radiani 84. Zidisha: volti 27 kwenye kilele. Saplai yake ni 24! Mota yenyewe inazalisha zaidi ya kinachoisukuma. Mimi kwa hili nahama kutoka kwenye ampea, nahamia kwa wa volti.

#29 Ampea_Kwanza
Karibu #28. Ila usiseme kama vile hapo inagonga ukuta. Ampea huchelewa nyuma ya volti, mota inaweza kuendelea kuzunguka hata juu ya hapo, nguvu tu ndiyo inaporomoka. Ikibaki nguvu kidogo na pale mwishoni daraja ni zito sentimita kumi, inakwama. Kwa hiyo #8 naye bado hajashindwa.

#30 MchongaMilango
Wakuu, mrejesho.
Nimeazima saplai ya volti 36 ampea 10. Kabla ya kubadilisha nilipima kwenye draiva ya mwisho kama alivyosema #16: zikiwa zimetulia 24.1, Y ikikimbia 22.9. Nimelegeza na kukaza upya boliti za mlalo. $121 ilikuwa 500, nimeweka 200. Swichi za ampea nimerudisha 2.8.
Sasa Y inafika 5200 bila kukwama, X 6000. Mota unashika kwa mkono bila tabu. Ila Y ikipita 4500 skurubu inaanza kuvuma na ukiitazama katikati unaona kivuli chake kimenenepa.

#31 Beringi_Kwanza
Kivuli kimenenepa! Hiyo ndiyo skurubu inachapa. Rudi 4000, usiiharibu nati.

#32 JuaKali_254
Na imepita 4000 kwa volti 36. Nilisema.

#33 Msimbo_Safi
Boss #32 tulia. Amebadilisha volti, mlalo, $121 na ampea kwa mpigo. Unajuaje ni ipi? Mkuu #1, ukiweza rudisha saplai ya 24 na uache mengine yote yalivyo, tuone Y inafika ngapi.

#34 Waya_Mnene
22.9 mmeiona? Volti 1.2 zimepotea njiani kwa Y peke yake. Mota zote zikikimbia pamoja itakuwaje? Badilisha na waya.

#35 MchongaMilango
#33 nitajaribu Jumapili, leo nina milango miwili ya mteja. Swali la mwisho kwa sasa: nikizima mashine, spindo (mota inayozungusha biti ya kuchonga) inashuka yenyewe taratibu hadi biti inagusa meza. Z nayo ni skurubu ya mipira. Niongeze ampea za Z zikiwa zimesimama, au nitafute breki?

#36 Toroidi_Unguja
Ukizima umeme hakuna ampea za kushikilia, ndugu yangu. Skurubu ya mipira haina msuguano wa kuizuia. Kuna mota za stepa zenye breki nyuma yake, au funga springi ya gesi ibebe uzito wa spindo. Spindo yako ina kilo ngapi?